Kiti cha Mama Mkunjo

Suruali ikitoka mezani kwake, mkunjo wake ulikuwa mkali kiasi kwamba nzi aliyetua vibaya aliondoka vipande viwili. Wanaobisha ni wale ambao hawakuwahi kuzivaa. Karani wa mahakama, mteja wake wa miaka kumi na miwili, alisimulia jinsi alivyokata mkate kwa goti lake akiwa safarini hana kisu, na karani wa mahakama haapi ovyo. Ndipo watu wakamwita Mama Mkunjo, na lile jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye cheti cha ubatizo, limelala huko mpaka leo.

Alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala, na uani palikuwa na kamba nne, beseni tatu na jiwe la kusugulia lililolika katikati. Meza yake ilivikwa blanketi la marehemu mumewe. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, chuma kitupu, yenye jogoo mdogo kwenye komeo la kifuniko. Mwizi aliwahi kuiiba mchana kweupe. Alifika nayo kona ya pili, mkono ukamgomea, akairudisha mwenyewe na kuomba maji ya kunywa. Mama Mkunjo akampa maji, akamwambia, "Pole, baba. Siku nyingine uje na mwenzako."

Kiti hakuwa nacho. Kiti humharibu dobi, alisema, maana pasi inataka uzito wa mwili mzima. Lakini ukweli ni kwamba cha kwanza kilivunjika, cha pili kilikwenda na msiba wa mtu hakikurudi, na cha tatu hakuwahi kukinunua.

Shuleni hakuwahi kukanyaga. Kwa hiyo hakuandika majina ya wateja wake, aliyashona. Kila mteja alikuwa na alama yake ndani ya kola, na kama ni suruali, ndani ya kiuno. Karani alikuwa mishono miwili ya uzi mwekundu. Mwalimu mkuu alikuwa mmoja mweusi na mmoja wa njano. Mchungaji alikuwa msalaba mdogo wa kijani. Alama hizo hakuna aliyezijua ila yeye, na kwa alama hizo, miaka thelathini, hakuwahi kumpa mtu nguo ya mwenzake.

Jambo hilo si dogo. Dobi akichoma shati, atasamehewa. Akimpa mtu shati la jirani, habari itafika kwa jirani kabla ya shati lenyewe. Dobi wa mtaa wa juu alibadilisha kaptula mbili tu, za mabwana wawili, na wake zao wakamaliza kazi. Leo anauza mkaa.

Sasa, Mama Mkunjo alikuwa na siri.

Shati likija halina kifungo, alilishonea. Mfuko ukitoboka, aliuziba. Kwapa likifumuka, alilirudisha. Hakusema neno, hakuongeza bei, hakutaka asante. Mwanzoni sababu haikuwa takatifu hata kidogo: shati lisilo na kifungo lilimkera kama jino linalocheza. Vifungo alivitoa kwenye kopo la maziwa alilorithi kwa mama yake, nalo lilikuwa halipungui, mithili ya ule unga wa mjane aliyempikia nabii wakati wa njaa.

Halafu Jumapili moja mchungaji akahubiri juu ya wema na malipo yake. Alisema Yesu alifundisha kwamba ukimtendea mtu jema usipige tarumbeta. Mkono wako wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini. Baba aonaye sirini ndiye atakayelipa. Ama anayetenda ili watu wamwone, huyo ameshalipwa na watu, asisubiri kitu kule juu.

Mama Mkunjo alikuwa amesimama nyuma, kwa mazoea ya kusimama. Akahesabu moyoni vifungo, viraka na mifuko, akaona kwamba bila kukusudia alikuwa amejiwekea akiba nzuri mbinguni. Hakuwa mtu wa tamaa. Taji angeliweka wapi, na kichwa chake ni kidogo? Aliamua atakachoomba. Kiti. Kiti chenye mgongo, na mahali pa kuegesha miguu.

Tangu siku hiyo akaficha siri yake kama mwizi afichavyo mali. Alishona akiwa amefunga mlango. Alichagua kifungo kinachofanana na wenzake, au hivyo alivyoamini, maana macho yake yalikuwa yameliwa na moshi wa mkaa na rangi zote za vifungo aliziona ni ndugu wa baba mmoja. Alishona kwa kupapasa, na hata nyuzi za alama alizitambua kwa unene wake. Vidole vya mkono wa kulia viliona kuliko macho: vilijua kila shati lilishonwa wapi, lini, na kwa nini.

Alhamisi moja aliteleza uani juu ya povu lake mwenyewe. Sabuni iliyomlisha miaka thelathini ikambwaga chini, na mkono wa kulia ukavunjika. Hospitali wakaufunga plasta kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, wakamlaza siku mbili. Nyumbani alikuwa ameacha mlima wa nguo zilizofuliwa, bado kupigwa pasi: mashati arobaini na matatu, yote meupe, ya walimu, makarani na wahudumu wa hoteli, na suruali zao. Wenyewe walikuwa waje Jumamosi saa tatu.

Jumamosi saa moja asubuhi aliruhusiwa kutoka. Alipofungua mlango alisimama kizingitini. Nguo zote zilikuwa zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimepangwa minara minne iliyonyooka. Na kando ya meza alisimama wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mikono kiunoni.

Wifi huyu alikuwa na miguu iliyovimba na ulimi ambao ungeweza kumenya viazi. Kwa miaka thelathini hakuwahi kumsifia Mama Mkunjo hata kwa bahati mbaya.

"Umeona?" wifi akasema, kabla hata ya pole.

"Nimeona, wifi. Mungu akubariki."

"Siku mbili nimesimama. Tazama miguu hii, tembo akiiona atadai ni yake. Lakini kazi imetoka au haijatoka?"

"Imetoka."

"Haya. Na kuna jambo nitakuambia, usinune, mimi ndiye niliyekupokea ulipoolewa. Usafi, wifi. Usafi! Kola na viuno vyote vimejaa vipande vya uzi, mara nyekundu, mara kijani, kama kiota cha ndege. Watu wanakuletea nguo uzisafishe, wewe unawarudishia na takataka. Nimechukua wembe nimevitoa kimoja kimoja. Hata kimoja sijaacha."

Mama Mkunjo akageuka kutafuta pa kukaa. Hapakuwa na kitu. Akaegemea ukuta.

Akachukua shati la juu kwa mkono wa kushoto, akatazama ndani ya kola. Safi. La pili, safi. Mashati arobaini na matatu, yote yalikuwa safi kama uso wa mtoto asiyejua baba yake ni nani.

Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Yalikuwa mengi, na mengine hayafai kanisani. Lakini aliitazama ile miguu. Mwanamke yule alikuwa ametoka kwake bila kuitwa, akasimama siku mbili juu ya miguu isiyoweza kumfikisha sokoni. Akiambiwa alichofanya, hatagusa pasi ya mtu tena mpaka anaingia kaburini, na pengine atalia, na wifi hakuwa amelia tangu wamzike kaka yake. Na tuseme ukweli wote: Mama Mkunjo alikiona pia kiti. Wema wa namna hii, ambao hata anayetendewa haujui, ungeweza kukiongezea mto.

"Asante, wifi," akasema. "Umejisumbua kweli. Nenda chumbani ujinyooshe."

Wifi alipokwenda, Mama Mkunjo alifunga mlango na kuanza kazi. Alizijua nguo zake. Hata bila alama, mishono yake ya siri ingemwambia lipi la nani. Akaingiza mkono wa kushoto ndani ya shati la kwanza akapapasa.

Mkono wa kushoto haukujua kitu.

Ulipita juu ya kifungo kama mgeni apitavyo msibani asikomjua marehemu. Ukapapasa kwapa, ukapapasa mfuko, ukarudi mtupu. Miaka yote ile ulikuwa umeshika kitambaa tu wakati mwenzake akishona. Wa kulia ulijua kila kitu na ulikuwa ndani ya plasta, umenyamaza kama shahidi aliyefungiwa. Neno la mchungaji lilikuwa limetimia kwake kuliko alivyoomba.

Saa tatu kasoro wateja walikuwa mlangoni. Karani ndiye aliyetangulia.

"Mama, pole na mkono. Naomba zangu haraka, nina harusi ya shemeji."

Nyuma yake walikuwepo mwalimu mkuu, mhudumu wa hoteli aliyekuwa na haraka daima, muuza saa mwenye masharubu, na wengine mpaka barazani. Mama Mkunjo alijua kwamba akitaja wembe, atapona yeye. Kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa imesimama juu ya sentensi moja.

"Baba, nina neno. Alama zangu zimetoka. Nilizifunga vibaya. Sijui lipi la nani."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, wifi akatoka akichechemea.

"Haya, sikieni wenyewe!" akasema. "Miaka thelathini kazini, hajui hata kufunga alama! Nilimwambia marehemu kaka yangu, mwanamke huyu hana mikono ya kazi. Hakunisikia."

"Ulimwambia kweli, wifi," Mama Mkunjo akajibu.

Karani alikaribia meza. Hakukasirika. Alivuta mashati mawili matatu, akayatazama kifuani, akayarudisha. La nne akalishika.

"Hili langu."

"Umejuaje, baba?"

Karani akakohoa. "Kifungo cha tatu. Kile cha bluu."

"Kipi cha bluu? Si ni cheupe?"

"Mama, ni bluu. Bluu kama wino. Kiko hapa tangu alipozaliwa binti yangu wa pili."

Mama Mkunjo akalichukua shati, akalileta mpaka puani. Hakuona bluu, ila aliona jinsi watu walivyokuwa wakitabasamu.

"Ulijua kuwa ni mimi niliyekishona?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Karani akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Niliogopa nikisema utaona haya uache. Na tena nilidhani ni mimi tu. Kwamba labda, mama, una upendo na mimi, kama mwanao."

"Wewe tu?" Mwalimu mkuu akasogea kwa kishindo. "Wewe tu nani? Sogea nipite. Kwapa langu lina mshono wa njano, mnaweza kuuona mkiwa ng'ambo ya barabara. Miaka saba nafundisha sinyooshi mkono juu, ili wanafunzi wasicheke, na shati sijalitupa. Mtu atasema ni yeye tu!"

"Kwapa ni nini?" akadakia mhudumu wa hoteli. "Mimi mfuko mmoja umeshonwa mara nne. Nne!"

"Hayo si mapenzi, huo ni uzembe wako."

"Mwalimu, usinitukane mbele ya mama yangu."

"Mama yako tangu lini?"

Wakaivamia minara. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye jeraha la nguo yake, kama ng'ombe anavyomjua ndama wake. Huyu kiwiko, yule ukosi, yule kifungo cha kahawia chenye matundu mawili kati ya vyeupe vya matundu manne. Walioneshana, wakabishana, wakapimana nani ameshonewa zaidi. Mchungaji aliingia katikati ya zogo hilo, akasalimia kwa upole, akainua suruali nyeusi, akatazama sehemu ya kukalia, akaikunja upesi.

"Mchungaji naye?" karani akauliza.

"Hata manabii walikaa chini," mchungaji akajibu, akaiweka kwapani.

Kabla ya saa nne meza ilikuwa tupu, isipokuwa shati moja ambalo halikuwa na mshono wowote. Likawa la muuza saa, mtu makini ambaye vifungo vyake havikuwahi kuanguka. Alilichukua amenuna. Mwezi uliofuata alileta shati lenye vifungo viwili pungufu, akidai vimeanguka vyenyewe. Nyuzi zake zilikuwa zimekatwa sawasawa kwa mkasi.

Basi jina la Mama Mkunjo halikupotea. Likazidi. Lakini walipoondoka wote, hakufurahi. Alisimama kwenye meza tupu akifanya hesabu upya. Karani alijua. Mwalimu alijua. Mchungaji mwenyewe, aliyehubiri habari ya siri, alihubiri akiwa amekalia kiraka chake. Tarumbeta lilikuwa limelia miaka thelathini, tena la bluu, na yeye peke yake ndiye hakulisikia. Kile kiti, akawaza, kimekwenda.

Kikaja kibaya zaidi. Wifi alikuwa amebaki kupiga pasi mpaka mkono upone, huku kila mteja akija kujitafutia mshono wake. Wiki ya tatu seremala akafika mlangoni akiwa amebeba kitu begani. Wateja walikuwa wamempa kazi. Kilikuwa kiti kirefu, cha kumwezesha mtu kupiga pasi amekaa. Kilikuwa na mgongo. Kilikuwa na ubao wa kuegesha miguu.

Mama Mkunjo alikitazama kama mtu anayetazama jeneza lake.

"Kaa, mama, nione kama urefu unatosha," seremala akasema.

"Acha tu, baba. Kiko sawa."

Hakukikalia. Aliweka juu yake nguo zilizopigwa pasi, na mtu akimwuliza alisema mgongo unamuuma akikaa. Siku kumi zikapita. Ndipo mchungaji alipokuja kuchukua kanzu yake, akamkuta amesimama, mkono umefungwa, na kiti kimekaliwa na mashuka.

"Mama, kiti kina kasoro?"

"Hakina, mchungaji. Ndiyo shida yake." Akachungulia kama wifi yuko mbali. "Nikuulize. Wewe ulisema, mtu akionwa na watu, ameshalipwa. Sasa mimi nimeonwa. Na kiti ndicho hiki, kama nilivyokiomba, hata ubao wa miguu. Nikikikalia, si nimetia sahihi kwamba nimepokea? Kule nitafika nisimame tena?"

Mchungaji aliondoa mashuka, akakaa yeye, akatikisika kidogo kukijaribu.

"Ulishona ili wakuone?"

"Nilifunga mlango!"

"Basi hukupiga tarumbeta wewe. Vifungo ndivyo vilivyopiga, navyo havina roho." Akasugua mkono wa kiti. "Na tena, mama, kumbuka Mwana wa mwenye nyumba kule alilelewa na seremala. Unadhani wana kiti kimoja?"

Mama Mkunjo aliliwaza jambo hilo mpaka mkaa ukazima. Lilikuwa na mantiki. Hata hivyo hakuwa mtu wa kumwamini mchungaji kwa neno moja tu, hasa mchungaji aliyekuwa amekaa.

Plasta ilipotolewa, wifi alirudi kwake, akawa anakuja kila Jumatano kukagua. Siku hiyo alikalishwa kwenye kiti, miguu yake ikapanda juu ya ubao, na uvimbe, kwa mujibu wa mwenyewe, ulipungua mpaka viatu vikaanza kumpwaya. Siku nyingine sita Mama Mkunjo alikikalia yeye. Alisema ni kwa majaribio tu, asije akafika kule akaonekana hajui kukaa.

Alama zake alizihamishia kwenye pindo la chini, ndani, ambako wembe wa mtu haufiki. Vifungo aliendelea kushona, na sasa wateja walimsaidia kuchagua rangi, ila karani, aliyekataa katakata kuguswa kwa kile cha bluu.

Na habari ya wembe? Hakuna aliyeijua. Hiyo peke yake ilikuwa haijaonwa na mtu, haijashukuriwa, wala haijatengenezewa kiti. Mama Mkunjo aliitunza vizuri. Kila Jumanne jioni, kabla ya kufunga kazi, alichukua shati moja safi, akashona kipande cha uzi mwekundu ndani ya kola, kilegevu, akaliweka juu kabisa ya mnara.

Jumatano wifi alifika, akakaa kitini, akainua lile shati, akaguna.

"Wifi, wifi! Nimekuambia mara ngapi? Ona hii!" Akaung'oa ule uzi, akaupeperusha. "Bila mimi ungekuwa wapi?"

"Sijui, wifi," Mama Mkunjo alisema, akipuliza mkaa. "Asante."